Tahadhari Iliyozidi Chumvi

Kipaza hakujua kusema jambo likabaki na ukubwa wake. Ukimpa mbuzi aliyepotea, yeye alimtangaza kama vile wamepotea ng'ombe sita na mchungaji wao. Mtu akifungua kibanda cha kutengeneza simu, Kipaza alipita akinguruma kwamba wataalamu wa kimataifa wamewasili. Ndiye aliyekuwa mtangazaji wa mji wetu, na msinicheke, kila mji hupata mtangazaji unayemstahili.

Kazi yake aliifanya kwa pikapu kuukuu yenye spika mbili juu ya paa. Moja ilikuwa imepasuka, kwa hiyo kila alichosema kilitoka mara mbili, mara moja wazi na mara moja kwa mafua. Jina lake la kuzaliwa lilikwishasahaulika. Hata mkewe, akikasirika, alimwita Kipaza, na akiwa na furaha pia.

Alitangaza sabuni, mechi, chanjo, mikutano ya wazazi, na vyote alivitia chumvi mpaka vikawasha ulimi. Isipokuwa tangazo moja tu. Msiba. Mtu akifa, Kipaza alizima muziki, akavua kofia yake akaiweka juu ya dashibodi, akaendesha polepole kiasi kwamba bibi mwenye bakora angeweza kutembea kando ya gari asiachwe. Alisoma jina, nyumba na saa ya mazishi. Akanyamaza mpaka kona inayofuata, akasoma tena. Familia zilimwomba aongeze kidogo, aseme marehemu alikuwa kipenzi cha watu, naye alikataa katakata. "Msiba hauuzwi," aliwaambia. "Una wateja tayari." Maneno ya kihuni hayo, lakini heshima ilikuwa ya kweli na watu waliijua. Pikapu ikipita kimya na kofia iko dashibodi, kinyozi aliinua wembe kutoka kichwani mwa mteja, mwenye kukaanga aliepua kikaango, watu wakasimama milangoni kusubiri jina.

Balaa lilianza pale ofisi ya hali ya hewa ilipoamua kumpa Kipaza kazi ya kusoma taarifa zake mitaani. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta, feni na birika la chai, na nje uwanja mdogo wa nyasi wenye vyombo vya kupimia mvua na upepo, umezungushiwa waya ili mbuzi wasiingie kupima wenyewe. Mtabiri alikuwa mwanamke mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Mji mzima ulimwita Dada Mawingu. Alikuwa mtu wa maneno ya kadiri. Nyumba ikiungua mbele yake, angesema kuna uwezekano wa moshi.

"Soma kama ilivyoandikwa," alimwambia Kipaza siku ya kwanza, akimkabidhi karatasi.

Kipaza akasoma. "'Angalizo. Rangi ya njano. Uwezekano wa kutokea, wastani. Kiwango cha athari, wastani.' Dada yangu! Wastani? Huu ni utabiri au ni ripoti ya mtoto shuleni?"

"Ni utabiri. Sikiliza, si mambo magumu. Njano ni angalizo. Maana yake fuatilia taarifa, beba mwavuli, zibua mtaro wako. Rangi ya chungwa ni tahadhari. Jiandae, vitu vya thamani viweke juu, ujue utakimbilia wapi. Nyekundu ni tahadhari kubwa. Hapo hakuna kufuatilia wala kujiandaa, hapo unaondoka."

"Kwa hiyo nyekundu ni mvua kubwa, njano ni mvua ndogo."

"Hapana. Rangi inapima mambo mawili kwa pamoja. Moja, kuna uwezekano gani wa jambo kutokea. Pili, likitokea litawafanya nini watu. Mvua ileile moja, huku kilimani inaweza kuwa njano, kule bondeni ikawa chungwa, kwa sababu bondeni kuna mto na nyumba zimeukalia mapajani."

Kipaza alikuna kidevu. "Basi rangi ni ya watu, si ya mvua."

Dada Mawingu alifurahi mpaka miwani ikamdondoka. Miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumwelewa upesi namna ile. Na hapo ndipo hasira zangu mimi zinapoanzia, kwa sababu yule bwana hakuja kukosea kwa ujinga. Alielewa! Alielewa vizuri kuliko mimi na wewe, kisha akatoka nje akafanya madudu.

Njano ya kwanza aliisoma kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyegeuka. Muuza matango aliendelea kuuza matango. Mtoto mmoja alipiga miayo huku akimtazama usoni. Kwa mtu wa kawaida hilo si neno, lakini kwa Kipaza ilikuwa kama kutemewa mate. Njano iliyofuata akaipandisha daraja ikawa chungwa, na watu wakageuka kidogo. Ya tatu akaipeleka moja kwa moja kwenye nyekundu, akawasha na king'ora. "Hatari! Hatari! Mvua ya kung'oa mapaa! Mwenye mtoto afunge mtoto!" Watu wakatoka mbio. Ikanyesha manyunyu ya kulowesha vumbi, jua likarudi kwenye kiti chake.

"Kwa nini unanifanyia hivi?" Dada Mawingu aliuliza, karibu alie.

"Njano haiuzi, dada."

"Mimi siuzi!"

"Ndiyo maana hakuna anayenunua."

Basi ikawa ndiyo mtindo. Na kana kwamba hiyo haitoshi, siku moja mwenye duka la magodoro alitaka tangazo la kutikisa mji, Kipaza akapita na king'ora kilekile: "Tahadhari kubwa! Rangi nyekundu! Tokeni majumbani! Bei zimeporomoka!" Magodoro yaliuzwa, lo, yaliuzwa. Nyekundu ikaishia hapo.

Sasa nikupe habari za mama mkwe wake, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa mkunga mstaafu, mjane, na aliishi bondeni, hatua chache kutoka mtoni. Nusu ya watu wa bondeni waliiona dunia kwa mara ya kwanza wakiwa wameninginizwa miguu juu mikononi mwake, na hawakuwahi kulisahau hilo, wala yeye hakuwaacha walisahau. Akisema tuondoke, wangeondoka. Akikaa, wangekaa.

Tahadhari ya kwanza ya uongo ilimkuta akiwa mtiifu. Alibebesha watu kabati lake la nguo mpaka nyumbani kwa Kipaza kilimani, mguu mmoja wa kabati ukavunjikia njiani, na mvua isije. Alikaa wiki nzima. Kila asubuhi alimtazama mkwewe kwa heshima zote, heshima zenye makali, akauliza, "Mkwe wangu, hiyo mvua yako bado iko safarini, au imeshukia kituo kingine?"

Mara ya pili alikuja na kuku. Kuku wakalala sebuleni, wakafanya yao juu ya kiti cha Kipaza, na nje kukawa kukavu kama ulimi wa mgonjwa. Siku ya kuondoka, mama akasimama mlangoni, kuku mmoja kwapani, akatoa kiapo mbele ya majirani. "Kuanzia leo, mkwe wangu akitangaza mvua, mimi nafua."

Alikitimiza. King'ora kikilia, mama alitoa beseni. Majirani wakaona nguo zake zinakauka vizuri kila mara, wakaanza kumuiga. Ikafika mahali Kipaza akipiga kelele za mafuriko, bondeni nzima inajaa povu la sabuni, na kamba za nguo zinapepea kama sherehe ya bendera. Alijifanya haimuumi. Ilimuuma.

Siku yenyewe ilianza na anga safi, bluu, hata kiwingu cha kusingizia hakikuwepo. Kipaza alikuwa uani anapiga mswaki. Akamwona Dada Mawingu anaingia getini kwa miguu, anahema, kandambili moja ya kijani na nyingine ya kahawia. Hakuwahi kufika pale tangu wajuane.

"Nyekundu," alisema.

Kipaza alitazama juu, akatema povu. "Na wewe umeanza kutia chumvi?"

"Mvua inapiga milimani tangu jana jioni na haijakatika. Huku kwetu pengine hatutaona hata tone. Ni mto utakaotuletea. Nimeongea na wenzangu wa vituo vya juu. Nguzo ya kupimia kina cha mto imefunikwa, hawana cha kusoma tena. Uwezekano, mkubwa. Athari, kubwa. Ikifika alasiri bondeni kusiwe na mtu."

Alisema kwa sauti ileile ya siku zote, ila alikuwa amekuja mbio mpaka kandambili zikachanganyika. Ndicho kilichomtisha Kipaza. Mwanamke wa uwezekano wa moshi, leo amekimbia.

Mkewe alikuwa amesimama mlango wa jikoni, amesikia yote. "Mama yangu," alisema. Akamtazama mumewe kama anayemtazama mtu aliyevunja kitu ambacho hakina fundi. "Usirudi hapa bila mama."

Wakashuka bondeni na pikapu, Dada Mawingu kiti cha mbele, karatasi mapajani. Kipaza aliwasha king'ora, akamwaga kila alichokuwa nacho. Alisema maji ya kumeza daraja. Alisema mto umepandwa na wazimu. Alisema kimbieni, jamani, kimbieni, safari hii ni nyekundu kweli, nyekundu ya damu, nyekundu kuliko nyekundu! Akageuza kona na kusikia watu wanacheka.

"Magodoro bado yapo?" fundi wa kuchomelea alipaza sauti kutoka kwenye kibanda chake. "Niwekee la futi tano!"

Kinyozi alitoa kichwa mlangoni, akatazama juu, akatazama tena kwa madaha. "Dalili ya mvua ni mawingu, Kipaza. Mawingu yako wapi?"

"Huyu hapa!" Kipaza alimwelekeza kidole Dada Mawingu. "Nimekuja naye mwenyewe!"

Kinyozi alicheka mpaka akajishika mbavu. Na mabeseni yakaanza kutoka. Moja, jingine, jingine. Mtaa mzima ukanuka sabuni. Mwanamke mmoja alimshukuru kwa kumkumbusha mapazia.

Mama mkwe alikuwa uani kwake, siku hiyo ameamua kufua mablanketi. Kipaza alishuka, akavuka mtaro, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umefika wakati mzuri. Nishikie ncha hii tukamue."

Utamkatalia mama mkwe? Thubutu! Kipaza akashika ncha ya blanketi, mama akashika nyingine, wakaanza kulisokota, maji yakichuruzika katikati yao.

"Mama, leo ni kweli."

"Sokota vizuri, usilegeze. Na zile nyingine zilikuwa nini?"

"Zile zilikuwa biashara, mama."

"Basi na hii ni biashara yangu."

"Mto utafurika kabla ya alasiri. Mama, nakuapia."

"Mara ya kwanza uliniapia. Mara ya pili uliniapia, nikaja na kuku." Akalitwaa blanketi, akalitandaza kambani, akalinyoosha kwa viganja. Dada Mawingu alikuwa ameshuka pia, akaanza kusema kwa upole kwamba kuna uwezekano mkubwa, mama, na athari zake, mama. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, wewe nakuheshimu. Tatizo ni kwamba maneno yako huwa yananifikia kupitia mdomo wa huyu. Na mdomo wa huyu mimi siujui unapoanzia wala unapoishia."

Akachukua vibanio vya nguo, akaendelea na kazi. Majirani walikuwa wakichungulia juu ya kuta. Mama akibana nguo, nao wanabana.

Kipaza alirudi garini akafunga mlango. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye hakujikwaa tu, alijikwaa kwa miezi, tena kwa spika mbili. Alitafuta neno kubwa kuliko yote aliyokwisha kuyatumia. Hakulipata. Makubwa yote alikuwa ameyamalizia kwenye manyunyu na magodoro. Jasho lilimtiririka, akavua kofia kujifuta uso, kisha bila kufikiri akaiweka juu ya dashibodi.

Ng'ambo ya barabara, kinyozi aliinua wembe kutoka kichwani mwa mteja wake. Akasimama hivyo hivyo, wembe hewani, macho kwenye pikapu, kicheko kimemwisha.

Kipaza alimwona. Akaitazama kofia. Akaelewa, na moyo ukamshuka hadi kwenye pedali.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" Dada Mawingu aliuliza.

"Kuna sauti moja sijaiharibu."

"Itumie."

"Nikiitumia kwa hili, nitakuwa nimeiharibu. Ndiyo pekee niliyobaki nayo, dada."

Dada Mawingu alivaa miwani yake, akamtazama. "Ndiyo," alisema, akampa karatasi.

Kipaza akazima king'ora. Akazima muziki. Akaweka gia ya kwanza, pikapu ikaanza kutambaa kando ya mtaro. Akasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa tu.

"Tangazo. Tahadhari kubwa, rangi nyekundu. Mto unatarajiwa kufurika leo kabla ya alasiri. Uwezekano, mkubwa. Athari, kubwa. Eneo ni bondeni yote, kuanzia darajani hadi machinjioni. Wakazi waondoke sasa, waende shule ya kilimani."

Akanyamaza mpaka kona inayofuata. Akarudia. Hakuongeza hata mkia wa neno.

Hakuna aliyecheka. Vikaango viliepuliwa. Mikono ilitoka kwenye mabeseni ikadondosha povu. Watu wakasogea barabarani polepole, wamenyamaza, kama wanavyosogea siku zile. Fundi wa kuchomelea alivua miwani yake ya kazi, akaja mpaka dirishani mwa gari.

"Kipaza," aliuliza kwa sauti ya chini, "ni nani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa mbona..."

"Bado. Ndiyo maana nimekuja mapema."

Fundi akageuka, akaanza kuita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja.

Mama mkwe alikuwa ametoka getini, ameshajifunga kitambaa cha msiba kichwani, machozi tayari yamemlengalenga, maana yeye msiba hakuwahi kuuchelewa. Akaja mbele ya pikapu, ikasimama.

"Nani?" aliuliza. "Jina gani? Sikusikia jina."

Kipaza akashuka. Safari hii hakuinamisha kichwa. "Jina bado halijapatikana, mama. Likipatikana, mimi ndiye nitakayepewa nilisome. Nimesoma majina mengi katika mtaa huu na sauti haikunitetemeka. Lako siwezi. Mama, nakuomba, kazi hiyo usinipe."

Mkunga alimkazia macho. Hasira ilimpanda mpaka kitambaa kikacheza.

"Unawatangazia msiba watu wazima wazima?"

"Ndiyo, mama."

"Huna adabu."

"Sina, mama."

Mama akabaki anamtazama. Katika maisha yake yote ya kazi, waume wamemdanganya mlangoni mwa wodi, wakijidai hawaogopi, wakijidai wana haraka ya kwenda kazini. Uso wa mwanamume mwenye hofu ya kweli aliujua kama alivyojua kiganja chake. Aliutazama ule wa mkwewe kwa muda, jua likiwaka, anga safi. Kisha akageukia mtaa.

"Nyinyi mnasubiri nini?" alifoka. "Niwashike miguu tena? Bebeni watoto! Waacheni kuku! Nimesema waacheni!"

Lo! Bondeni ilihama kama kichuguu kilichomwagiwa maji. Mikokoteni, baiskeli, vitanda vya watoto, bibi mmoja amebebwa mgongoni na kinyozi huku akimwelekeza njia ya mkato. Kipaza alipakia wazee kwenye pikapu akapandisha, akashuka, akapakia tena. Mama mkwe aliondoka wa mwisho. Mablanketi aliyaacha kambani.

Mto ulikuja kabla ya alasiri, chini ya anga lilelile safi, na hapo watu wengine kwa mara ya kwanza wakaelewa kwamba mafuriko hayalazimiki kushuka kutoka juu ya kichwa chako. Walikuwa uwanjani pa shule, wamejipanga kando ya ukuta, wanatazama. Maji ya kahawia yaliingia mitaani bila kelele nyingi, yakapanda madirisha, yakazunguka uani kwa mkunga. Blanketi la kwanza likaondoka, likafuatwa na la pili. Mama alimshika mkwewe mkono hadharani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaushikilia mpaka kamba yenyewe ikaondoka. Hata mtu mmoja hakupotea. Nyumba, ndiyo. Mashine ya fundi, ndiyo. Watu walilia usiku ule, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa watu walio hai.

Unadhani imekwisha hapo? Subiri. Siku si nyingi baada ya watu kurudi na kuanza kukwangua tope, fundi cherehani mmoja mzee wa bondeni alikufa kitandani kwake, kwa uzee wake mwenyewe, siku kavu kabisa. Familia ikamwita Kipaza. Akazima muziki, akaweka kofia dashibodi, akashuka na gari polepole. Hakuwahi kufika kwenye jina. Alipofungua mdomo tu, "Tangazo," bondeni nzima ililipuka. Magodoro vichwani! Watoto migongoni! Kinyozi alipita mbio amemwacha mteja na nusu ya ndevu. Mtoto wa marehemu alisimama mlangoni akiona waombolezaji wake wote wanakimbilia kilimani.

"Rudini!" Kipaza alipiga kelele. "Ni msiba! Ni msiba wa kawaida!"

Ndiyo kwanza wakaongeza mwendo.

Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, kwa sababu tangu mafuriko alikuwa anaishi kwa mkwewe na aliomba apelekwe mazikoni. Alimnyang'anya kipaza sauti. "Acheni ujinga!" spika zikanguruma, ile nzima na ile ya mafua. "Rudisheni magodoro ndani! Huyu amekufa kweli!"

Watu wakasimama. Wakatazamana. Mtoto wa marehemu alianza kutikisika mabega, ikaonekana analia, kumbe anacheka, kisha akalia kweli. Mama akamrudishia Kipaza kipaza sauti, akamwambia kwa upole, "Umeona? Na hiyo nayo umeila. Soma sasa. Taratibu." Kipaza akasoma jina la fundi cherehani, na alipolimaliza alikuwa anatokwa na machozi, sijui kwa ajili ya mzee au kwa ajili ya sauti yake.

Tangu hapo hana sauti ya msiba wala ya sabuni. Anayo moja tu, ile ya kusoma kilichoandikwa. Mwenye duka la magodoro alimfukuza. Na kila anapotoka mama mkwe hukaa kando yake, mkoba mapajani, na neno likitaka kuvimba, humgonga goti kwa kidole cha mkunga, kidole ambacho kimezoea kuamuru vitu vitoke au visubiri.

Juzi Dada Mawingu alimpa karatasi nyingine. Siku hiyo mama alibaki nyumbani kwa maumivu ya mgongo, kwa hiyo Kipaza alienda peke yake, na shetani wa chumvi akapanda naye. Alipita mitaani ulimi unamwasha. Akasoma: "Angalizo. Rangi ya njano. Mvua jioni ya leo. Uwezekano, wastani. Athari, wastani." Akafunga mdomo kwa nguvu. Muuza matango alitazama juu, akavuta turubai lake akafunika nusu ya meza. Kinyozi akaingiza kiti kimoja ndani, kingine akakiacha. Fundi wa kuchomelea alichukua fimbo akazibua mtaro. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyecheka, hakuna aliyetoa beseni. Kipaza alisimamisha gari akawatazama.

Alirudi nyumbani anga limeanza kufifia. Mama mkwe alikuwa barazani ameketi, mgongo umeegemea mto, na kando yake beseni la nguo kavu zilizokunjwa. Shuka, magauni ya mkewe, mashati ya Kipaza yote, kola zimenyooshwa. Alikuwa amemsikia kwa mbali, akaanua.

"Asante, mama," Kipaza alisema.

"Umesema njano," mama alijibu. "Njano ni ya kuanua."

Kipaza akatazama uani. Kambani zilibaki suruali zake tatu, zinaning'inia peke yake, kwa sababu yapo mambo ambayo mama mkwe mwenye heshima zake hawezi kuyashika hata mto ukiwa getini. Alitaka kwenda kuzianua, mama akamwonyesha kiti, akammiminia chai. Akaketi. Mvua ikaja, ikazilowesha suruali zote tatu, wastani.